Reli za kiti cha umeme zimeota kutu: siki, magadi, mchanga au spea ya mtumba?

Kiti cha abiria cha Toyota Soarer yangu kilikwama mwezi wa Juni, kusi imekolea. Ukibonyeza swichi, mota inanguruma chini, upande wa kulia unasogea kidole kimoja, wa kushoto haubanduki, kiti kinakaa mshazari, kisha fyuzi inakatika. Cha dereva kilikuwa bado kinatembea, ila kwa sauti ya mtu anayesaga mahindi. Nikavitoa vyote viwili. Na kwa vile kila niliyemuuliza hapa Mombasa alikuwa na dawa yake na yuko tayari kuiapia, nikaona nisibishane na mtu. Reli ziko nne, kila moja ipate dawa yake. Sasa zimekaa garini mwaka mzima, zimepitiwa na kusi na kaskazi, na majuzi nimevitoa viti tena ili nizitazame.

Gari lenyewe ni kizazi cha Z30, kilichotengenezwa kuanzia 1991 hadi 2000, kile ambacho Wamarekani waliuziwa kwa jina la Lexus SC. Wapo watakaosema hilo halijafika kuitwa gari la spoti, ni sofa lenye turbo mbili. Sawa, nimekubali. Lakini mwenye Supra, Fairlady au Mercedes SL ya miaka hiyo atakuta mambo ya chini ya kiti yanafanana sana, na kutu ya Mombasa haichagui nembo.

Kwa mwenye haraka: kutu ya juu juu, brashi na msasa vinatosha. Kutu iliyoingia ndani ya mfereji wa reli, mimi nachagua magadi na chaja ya betri. Siki ni ya vipande vidogo. Mchanga unaopigwa kwa kompresa ni wa mabano, vile vyuma vinavyoshikilia kiti; reli yenyewe usiipeleke huko. Na chuma kikishaliwa, usikitibu, tafuta kingine. Haya yanayofuata ni sababu zake.

Kwanza jua kutu imekaa wapi

Watu wengi huanza kwa kuuliza dawa gani ni kali zaidi. Mimi ningeanza na bisibisi na tochi.

Chini ya kiti cha umeme mna reli mbili, na kila reli ni mfereji wa chuma ndani ya mfereji mwingine, katikati mna golori au vipande vya plastiki vya kutelezea. Kinachosukuma kiti ni parafujo ndefu inayozunguka ndani ya nati. Parafujo inazungushwa na sanduku dogo la gia, ambalo mara nyingi lina meno ya nailoni, na sanduku linazungushwa na mota ya volti 12. Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 mota ni moja kwa kazi ya mbele na nyuma, iko katikati, inatuma nguvu kwa reli zote mbili kupitia waya unaozunguka ndani ya mpira, kama ule wa spidomita ya zamani. Ndiyo maana reli moja ikikwama kiti hukaa mshazari. Upande mmoja umeenda, wa pili umegoma, na baina yao kuna waya mwembamba unaojipinda mpaka ukatike, au jino la nailoni linalonyolewa.

Kwa hiyo mota ikinguruma, shukuru, maana mota ni nzima. Anayekosa ni chuma. Na kila dakika unayoendelea kubonyeza swichi ukitumaini kiti kitajirekebisha, unasogeza ugonjwa kutoka kwenye reli, ambayo inatibika, hadi kwenye gia, ambayo haitibiki.

Ukitoa kiti, futa uchafu halafu dunga. Kutu ikiwa ni unga wa rangi ya chungwa unaofutika kwa kidole, hiyo ni ya juu juu. Ikiwa imevimba na kubanduka kwa magamba, lakini chini yake bisibisi inagonga chuma kigumu, hiyo imeingia ila inatoka. Bisibisi ikizama, au ukingo wa reli ukiwa umekonda kama kisu, au tundu la bolti limepanuka, hapo acha kusoma habari za siki. Reli ya kiti ndiyo inayomshika mtu ndani ya gari siku ya ajali, na kwenye magari mengi kifungio cha mkanda kimeshikizwa kwenye kiti hicho hicho. Mtu akikwambia atachomelea kipande cha bati mahali palipotoboka, mshukuru kwa ukarimu wake uchukue reli yako uende.

Parafujo itazame peke yake. Meno yake yakiwa makali na sare, hata kama ni mekundu kwa kutu, yataponea brashi ya shaba na mafuta ya taa. Usiiloweke kwenye asidi ya aina yoyote, kwa sababu asidi haijui kutu inaishia wapi na jino linaanzia wapi, na parafujo iliyolegea ndani ya nati inagonga kila ukikanyaga breki.

Brashi na msasa

Reli ya kulia ya kiti cha dereva ndiyo iliyokuwa na afya kuliko zote, nikaipa matibabu mepesi: brashi ya waya, msasa wa namba 120 halafu 240, ikafutwa kwa thina. Jioni moja tu. Gharama yake karibu haipo.

Tatizo la brashi ni kwamba inafika pale mkono unapofika. Nje ya reli iling'aa kama sufuria ya harusi. Ndani ya mfereji, kwenye kona ambapo chuma kimekunjwa, brashi ilipita juu ya kutu ikaisugua mpaka ikalainika, na kutu iliyolainika inadanganya macho, ukiitazama unadhani ni chuma. Mwaka mmoja baadaye kona hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kutoa machozi ya rangi ya chai.

Kuna dawa ya kugeuza kutu, ile ya chupa yenye asidi ya fosforiki, inayofanya kutu iwe nyeusi. Inafanya kazi, nami sina neno nayo kwa uso wa nje na mabano. Inageuza tabaka jembamba la kutu kuwa fosfeti ya chuma ambayo rangi inaishika vizuri. Ila haipiti kwenye magamba, na usiipake mahali panapoteleza, maana inaacha ngozi ngumu yenye mikwaruzo. Kwa kiti ambacho bado kinatembea na kinapiga kelele tu, brashi pamoja na chupa hiyo vinakutosha, na usikubali kutishwa ufanye zaidi.

Siki, asidi ya limau, magadi

Hapa ndipo penye mabishano.

Siki ya dukani ina asidi ya asetiki karibu asilimia 5. Niliiloweka reli ya kushoto ya kiti cha dereva ndani ya kipande cha bomba la maji taka nililoliziba upande mmoja, kwa sababu beseni la urefu huo halipatikani na bomba linaokoa siki nyingi. Baada ya saa 24 kutu ilikuwa imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi ya mswaki. Ndani na nje, pamoja na zile kona. Ukitazama matokeo ya siku ile ile, siki ilishinda brashi kwa mbali.

Lakini siki ina mambo matatu. La kwanza, inakula chuma kizima pia, polepole. Ukiona vipovu vinatoka mahali pasipo na kutu, hicho ni chuma chako kinachoyeyuka. La pili, reli nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na ngozi ya zinki, na asidi huimaliza zinki kabla haijaigusa kutu. Ukitoa reli ile kwenye siki, iko uchi. La tatu, nalo ni la Mombasa hasa: reli uchi katika hewa yetu haingoji. Niliitoa, nikaisuuza, nikaingia ndani kuswali adhuhuri, nilipotoka ilikuwa imeshaanza kupiga wekundu kama mtoto aliyeshikwa na surua.

Asidi ya limau, ule unga mweupe unaotiwa kwenye juisi na achari, ni siki iliyostaarabika. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, saa chache badala ya siku nzima, na nyumba hainuki kama kachumbari. Niliitumia kwa vipande vidogo: vifuniko, washa, mabano ya mota. Kwa vipande hivyo ingekuwa chaguo langu la kwanza. Kwa reli nzima inabaki na ila zile zile za siki.

Angalizo moja kwa zote mbili: golori, springi na bolti zisiingie. Chuma kilichotiwa ugumu kikikaa ndani ya asidi hunyonya hidrojeni na kuwa chepesi kuvunjika, na hutaona dalili yoyote kwa macho. Golori mpya zinauzwa na mafundi wa baiskeli kwa vipimo mbalimbali, nenda na venia upime. Bolti nunua mpya zenye namba ile ile iliyochongwa kichwani, 8.8 au 10.9. Usishuke namba kwa sababu muuza duka amesema zinafanana.

Sasa magadi. Reli ya kulia ya kiti cha abiria ilikuwa mbaya: magamba, kona zimeziba, mfereji umejaa mchanga uliogandana na grisi ya zamani. Hii niliipa umeme.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Unayeyusha magadi ndani ya maji, kiasi cha kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Ndani ya maji unatumbukiza reli pamoja na kipande cha chuma cha kutupa, visigusane. Waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 unaubana kwenye reli, waya chanya kwenye chuma cha kutupa. Ukiwasha, vipovu vinaanza kutoka kwenye reli, kutu inalegea na kuanguka, na kile chuma cha kutupa ndicho kinacholika badala ya reli yako. Ampea 2 hadi 5, usiku mmoja, asubuhi maji yamekuwa kama supu ya maharagwe.

Uzuri wake juu ya siki ni mmoja, nao kwangu unatosha: haili chuma kizima. Ukisahau ukalala mpaka saa nne asubuhi, hujapoteza kitu ila umeme. Magadi yenyewe Kenya tunayo ya kutosha, yanachimbwa Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka 100. Lakini usichukue yale mabonge ya kulainishia maharagwe, yana chumvi ndani yake. Tafuta unga mweupe safi wanaotumia watengeneza sabuni, au uende duka la dawa za mabwawa ya kuogelea. Hoteli za pwani zimetufanyia hisani hiyo, unga huo haupotei madukani.

Ubaya wake ni kwamba unataka akili zaidi. Umeme unasafisha upande unaotazamana na chuma cha kutupa, upande wa kisogoni hausafishwi. Kwa reli yenye mfereji, nilipitisha nondo ya milimita 8 katikati ya mfereji wenyewe, nikaifunga vipande vya mpira wa baiskeli kila sentimita kumi ili isiguse kuta. Ikigusa, ni shoti. Nilizima umeme mara mbili usiku nikaigeuza reli. Chaja za kisasa zenye kompyuta ndogo zinakataa kabisa kazi hii, zinatafuta betri kwanza. Chaja ya zamani, ile nzito yenye sindano, ndiyo yenyewe.

Na kuna mambo ambayo hayana utani. Usitumie kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu kama chuma cha kutupa, maana kromu iliyomo ndani yake hugeuka sumu inayobaki kwenye maji. Usitie chumvi ili kuharakisha kazi, na usitumie maji ya kisima chetu cha chumvi, kwa sababu chumvi na umeme vinatoa klorini. Fanya nje, mahali penye upepo, kwa kuwa vile vipovu ni hidrojeni. Chomoa chaja ukutani kabla ya kugusa vibano, usije ukatoa cheche juu ya gesi. Na lile katazo la golori na springi liko pale pale, hidrojeni ni ile ile.

Baada ya mwaka, tofauti kati ya reli hizi mbili ilionekana bila miwani. Ya siki imeanza tena kwenye mikunjo, si sana, lakini imeanza. Ya magadi bado ina rangi ya kijivu iliyotulia. Siwezi kuapa kwamba ni magadi peke yake, kwa sababu nilikuwa nimeshapata somo na reli ya magadi niliikausha kwa haraka zaidi. Somo hilo nitalirudia chini.

Kupiga mchanga

Reli ya kushoto ya abiria, ile ya upande wa mlango, ndiyo iliyokuwa mgonjwa mahututi. Niliipeleka pamoja na mabano ya viti vyote viwili kwa karakana moja upande wa viwandani wanakopiga mchanga mageti na vyuma vya boti kwa kompresa.

Kwa mabano, sijaona kitu kinachokaribia. Dakika chache na chuma kimebaki kijivu, kikavu, chenye ukwaruzo mdogo ambao praima inaushika kwa meno. Mwaka mzima mabano yale hayajabadilika rangi. Kama una mabano, fremu ya kiti na vyuma vingine visivyoteleza, lipa, usijitese.

Kwa reli ni hadithi nyingine. Mchanga unaingia kila mahali. Niliwaambia waupunguze upepo na waiache sehemu ya golori, nikarudishiwa reli iliyong'aa nje na ndani, na njia ya golori imepigwa mpaka imekuwa kama msasa. Reli inayotakiwa iteleze haitaki ukwaruzo. Pia uliza mchanga wametoa wapi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi inapigiliwa ndani ya vitundu vya chuma, kutu inarudi chini ya rangi kabla hujamaliza kumsifu fundi. Mchanga wa silika nao vumbi lake linaua mapafu, kwa hiyo usisimame pale ukipiga picha bila barakoa ya maana.

Ila mchanga una sifa moja ambayo siki na magadi hazina, hausitiri. Reli ile ya kushoto iliporudi, ukiishika juani unaona nukta za mwanga. Ilikuwa imetoboka mahali pawili karibu na tundu la bolti ya nyuma, na kutu ndiyo iliyokuwa imeziba. Mgonjwa alikuwa ameshakufa, nguo ndizo zilizokuwa zimesimama.

Spea ya mtumba, na reli za mkono

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo Soarer hazishuki tena Kilindini zikiwa nzima. Reli zake utazipata kwenye magari yaliyokatwa nusu huko Japani yakaletwa kama vipuri, au kwa mtu aliyegonga yake. Nilizunguka maduka ya Jomo Kenyatta Avenue siku tatu. Kijana mmoja aliniambia, "Bosi, hii ni ya Mark II lakini inaingia." Haikuingia.

Nilipopata ya kweli, ilikuwa jozi nzima ya kiti cha abiria na mota yake. Faida ya mtumba ni hiyo hasa: unanunua reli, gia, waya na mota kwa pamoja, na kama jino la nailoni la kwako limeshanyolewa, hakuna dawa ya kutu itakayoliotesha. Hasara ni kwamba unanunua umri ule ule. Reli ya mtumba nayo imekaa miaka 25 au 30 mahali fulani, na grisi yake imekauka kama gundi.

Kabla ya kutoa pesa, omba betri. Gusa waya za mota moja kwa moja, reli iende mpaka mwisho, geuza waya, irudi. Sikiliza pande zote mbili. Hesabu waya kwenye plagi: kiti chenye kumbukumbu ya mkao kina waya za ziada za vihisi, na reli zake zitakusumbua ukizitia kwenye gari lisilo na mfumo huo. Reli za dereva na za abiria usidhani ni mapacha. Mimi nilichukua ya kushoto tu kutoka jozi ile, ya kulia nimeiweka stoo, kwa sababu ya kwangu iliyotoka kwenye magadi ilikuwa safi kuliko ya dukani.

Kuna watakaokushauri uachane na umeme utie reli za mkono. Ni nyepesi, hazina mota ya kuungua, na kwa gari la kushindana wana hoja. Kama kiwanda kiliwahi kutoa muundo huo huo wenye reli za mkono na umezipata, zinakaa kwenye matundu yale yale, fanya. Kutoboa sakafu matundu mapya ili reli ya gari jingine iingie, hapana. Sitalilinganisha na lolote.

Kutu ikishatoka

Hapa ndipo Mombasa inapoamua mshindi, na ndipo reli yangu ya siki ilipopotea.

Maji ya kusuuzia yasiwe ya kisima. Nilitumia maji ya mvua kwa reli ya siki, yakaniishia, nikamalizia kwa maji ya bomba la nyumba yetu ya Tudor ambayo siku hiyo sijui yalitoka wapi, yalikuwa na ladha. Kwa reli ya magadi nilikinga maji ya AC ya sebuleni. Maji yanayodondoka kwenye AC ni mvuke uliopoa, karibu hayana chumvi yoyote, na siku ya joto unapata ndoo. Kama umetumia siki au limau, suuza mara ya kwanza kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi iliyobaki ife. Kisha futa, mimina spiriti ivute unyevu, piga hewa ya moto. Praima ipakwe saa ile ile. Usiseme kesho.

Ukiweza kuchagua majira, chagua kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Rangi iliyopakwa katikati ya masika hukauka juu na kufungia unyevu ndani.

Nje ya reli, praima yenye zinki nyingi na rangi nyembamba juu yake. Rangi ya unga inayookwa ni nzuri kwa mabano, lakini ni nene, na huokwa jokoni kwenye nyuzi karibu 200, plastiki yoyote iliyosahaulika inayeyuka. Ndani ya mfereji usipake rangi kabisa. Hapo ni grisi. Niliuliza mafundi wa boti wanatumia nini, nikapewa grisi isiyokubali maji, ile ya shafti za injini za boti. Mzee mmoja aliniambia, "Paka kama mafuta ya kichwa, usipake kama siagi." Alikuwa na haki. Grisi nene hushika mchanga wa viatu, na mchanga ndani ya grisi ni msasa unaojitembeza wenyewe. WD-40 itumie kulegeza bolti. Jina lake lenyewe linasema kazi yake, kuondoa maji, kwenye jaribio la 40. Kulainisha reli kwa mwaka mzima haimo.

Kurudisha

Utaona tabu kutoa kiti kilichokwama, maana bolti za mbele zinahitaji kiti kirudi nyuma na za nyuma zinahitaji kije mbele. Chomoa ule waya unaozunguka, tia kichwa cha mraba kwenye drili ya betri, zungusha parafujo polepole kwa kila upande. Ndiyo njia iliyoniokoa. Ukikuta plagi ya manjano chini ya kiti, ni ya eabagi au kikaza mkanda, chomoa betri na usubiri dakika 10 kabla ya kuigusa, usiipime kwa taa.

Wakati wa kurudisha, reli mbili lazima ziwe mahali pamoja kabisa kabla ya kuunganisha waya. Zipeleke zote mpaka mwisho wa nyuma, kisha hesabu mizunguko ya parafujo, sawa kwa sawa. Mimi nilikosea mzunguko mmoja na nusu, kiti kikatembea, lakini kwa kulalamika, nikalazimika kufungua tena. Kaza bolti nne kwa mkono kwanza, tembeza kiti mbele na nyuma mara mbili, halafu ndipo ukaze kwa spana ya kupimia.

Kabla kapeti halijarudi, tafuta maji yalikotoka. Gari la usukani wa kulia lina AC yake nyuma ya kisanduku cha upande wa kushoto, na mrija wa kutolea maji ukiziba kwa vumbi, maji yote yanashukia miguuni mwa abiria. Kwa joto letu, safari ya kutoka Tudor hadi Diani na foleni ya feri ndani yake ni maji mengi. Mrija wangu ulikuwa umezibwa na kiota cha nyigu wa udongo. Waya wa hanga, dakika mbili, likatoka bonge. Sponji ya chini ya kapeti ilichukua siku tano juu ya paa kukauka.